Okidi tunazozila: kutoka Kitulo mpaka Yeoville



Kila ninapotaja kazi yangu mbele ya wenzangu wa lugha naulizwa swali lile lile: okidi kwa Kiswahili ni nini? Jibu fupi ni kwamba ni okidi hiyo hiyo, neno la kukopa kama baiskeli na shule. Tatizo ni kwamba mtu akisikia neno la kigeni anaona ua la kigeni: lile jeupe au la zambarau linalouzwa madukani ndani ya chungu, limefungwa utepe, la kumpelekea mgonjwa au mama mkwe. Basi anamaliza hapo hapo. Okidi ni mambo ya wenye pesa, sisi hayatuhusu.

Yanatuhusu sana, tena kupitia tumboni. Kuna okidi za kwetu zinazochimbwa kwa mamilioni katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Zinavushwa Tunduma, zinapikwa Zambia, na vipande vyake vinafika mpaka mtaani kwetu hapa Johannesburg. Naandika haya kama mtu wa mimea niliyesomea ughaibuni, lakini pia kama mtu ambaye ukoo wa mama yake uko Makete, kwa hiyo sina uwezo wa kuyatazama kwa mbali.

Tuanze na jina lenyewe, maana najua wapenzi wa asili ya maneno ni wengi. Orchis ni Kigiriki, na maana yake, mniwie radhi, ni korodani. Wagiriki wa kale hawakuwa wakitazama ua. Walitazama chini ya udongo, ambako okidi za kwao zina viazi viwili vidogo vya mviringo vilivyokaa pamoja. Waarabu nao waliona kitu hicho hicho. Kinywaji cha sahlab, ambacho wenzetu walioko Uarabuni wanakijua, jina lake linatokana na maneno yenye maana ya korodani za mbweha, na asili yake ni unga wa viazi vya okidi vilivyokaushwa. Waturuki wanautia unga huo kwenye aiskrimu yao, ile inayovutika kama ulimbo. Kwa hiyo muda mrefu kabla ya okidi kuwa pambo la mezani, watu waliijua kama kiazi. Wabemba wa Zambia waliokiita chakula chao chikanda wako kwenye mkondo mmoja na Wagiriki na Waarabu.

Sasa, okidi ni nini na huishi wapi? Ni ukoo mkubwa kupindukia: aina zinazojulikana zinafika kama 28,000, na zipo kila bara isipokuwa Antaktika. Nyingi ziko nchi za joto, na takribani saba katika kila kumi huishi juu ya miti. Hapo kuna jambo la kuweka sawa. Okidi ya juu ya mti si kupe. Haimnyonyi mwenyeji wake hata tone, inapanga tu chumba cha ghorofani ili ipate mwanga. Maji yake inayapata kwa mvua na ukungu, kwa mizizi inayoning'inia hewani iliyovikwa ganda jeupe kama sponji. Ganda hilo hunywa maji haraka mvua inaponyesha, kisha huyaachia taratibu.

Kwetu nyumba zake kubwa ni misitu ya milima yenye ukungu, kama Usambara na Uluguru. Huko utazikuta Angraecum na Aerangis, zenye maua meupe yanayonukia usiku tu. Usiku, kwa sababu mteja wao ni nondo. Nyuma ya ua kuna mrija mrefu mwembamba, na mbochi, yaani yale maji matamu, imekaa mwisho kabisa wa mrija huo. Mwaka 1862 Charles Darwin aliandika kuhusu okidi moja ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, ambayo mrija wake unafika kama sentimita 30. Akasema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Wapo waliomcheka. Mwaka 1903, yeye akiwa kaburini miaka zaidi ya 20, nondo huyo alitangazwa rasmi kisayansi. Somo hapa ni kwamba okidi haiishi peke yake. Ukiondoa msitu, umeondoa nondo. Ukiondoa nondo, okidi itachanua kila mwaka na haitazaa.

Shuka sasa mpaka pwani na nyika za joto. Huko kuna Ansellia africana, okidi kubwa ya mitini yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa ya kahawia kama chui. Mizizi yake mingine huchomoza juu kama vijiti, ikafanya kikapu cha kunasa majani makavu, na majani hayo yakioza ndiyo mbolea yake. Inapatikana kuanzia Afrika Magharibi na Mashariki mpaka mashariki mwa Afrika Kusini, ambako Wazulu wanaiita imfe-yenkawu, yaani muwa wa tumbili, kwa jinsi shina lake lilivyo na pingili. Nani anasema Waafrika hatuna majina ya okidi? Tunayo, ila yako kwa waganga na wachungaji, hayakupita darasani.

Pwani hiyo hiyo, kuanzia Kenya kupita Tanzania na Msumbiji mpaka KwaZulu-Natal, kuna Vanilla roscheri, mtambaazi usio na majani wenye maua meupe makubwa. Naam, vanila ni okidi. Ile ya biashara, Vanilla planifolia, kwao ni Meksiko, na ndiyo inayolimwa Madagaska, Komoro, Uganda na kwetu Kagera. Ilipohamishwa ilichanua bila kuzaa, kwa kuwa wadudu wake walibaki nyumbani. Aliyeifungua kufuli ni Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, ambaye mwaka 1841 aligundua namna ya kuchavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Mpaka leo mkulima wa Bukoba anafanya vile vile, ua moja moja, asubuhi, kwa kuwa ua hilo hufunguka siku moja tu. Biashara nzima ya vanila duniani imesimama juu ya mikono ya mtoto yule.

Hizo ndizo okidi ambazo vitabu vinapenda kuzipiga picha. Lakini kuna makazi ya tatu, nayo ndiyo kiini cha andiko hili: nyasi. Okidi nyingi za Afrika haziko msituni wala juu ya mti. Ziko ardhini, kwenye nyanda za majani za juu, mahali ambapo mgeni akipita anasema "hapa hakuna kitu."

Anayeishi Johannesburg haitaji kwenda mbali kuelewa. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Majira ya baridi mvua hakuna, sakitu inakausha majani, na moto unapita vilimani. Okidi ya mtini ingekufa wiki ya kwanza. Zilizoweza, kama Habenaria na Eulophia za kwenye vilima vya mawe vya huku, zilifanya akili: wakati mbaya ukifika, sehemu yote ya juu inakauka, na uhai unarudi chini ya udongo, ndani ya kiazi au shina nene. Mvua za Oktoba na Novemba zikianza, mmea unachipua upya. Ukipita mwezi wa Julai utaapa kwamba pale pana nyasi zilizokufa na mawe tu.

Kitulo ni hivyo hivyo, ila kwa ukubwa wa kutisha. Ni uwanda ulio kama mita 2,600 juu ya bahari, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ulifanywa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba zipatazo 413, na ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua badala ya wanyama. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi za ardhini: Disa, Satyrium, Habenaria na wenzao. Desemba mpaka Aprili uwanda mzima unabadilika rangi. Mwezi wa Agosti ni majani makavu na upepo.

Sasa tazameni kiazi chenyewe, maana hapo ndipo balaa lilipo. Katika msimu mmoja okidi ya aina hii huwa na viazi viwili. Cha zamani, kilichotoa shina na ua la mwaka huu, kinanyauka. Kipya, kigumu, kimejaa wanga wa mwaka ujao. Mchimbaji hachukui kile kilichonyauka, anachukua kipya. Kwa hiyo kila kiazi kinachoingia kwenye ndoo ni mmea mmoja uliokufa. Siyo sawa na kuchuma mchicha. Ni sawa na kuchinja mtetea badala ya kuokota yai.

Je, mbegu? Ganda moja la okidi linaweza kuwa na mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi. Vile vidoa vyeusi kwenye aiskrimu ya vanila ya kweli ni mbegu za okidi. Lakini mbegu hiyo ni masikini. Haina akiba ya chakula kama punje ya hindi. Ili iote lazima iangukie mahali penye kuvu maalumu ndani ya udongo, kuvu hao waingie ndani yake na kuilisha. Mbegu nyingi mno hazimpati mlezi huyo. Inayompata hukaa muda mrefu chini kabla ya kutoa ua la kwanza. Ndiyo maana huwezi kumwambia mtu "panda basi kama viazi mviringo." Udongo ukishalimwa na kutiwa mbolea za dukani, mara nyingi kuvu wale nao wanavurugika. Soko la chikanda limekuwa likitegemea viazi vya porini, si vya shambani.

Kwa ambao hawajaila, chikanda hupikwa hivi. Viazi hukaushwa, hutwangwa, na unga wake huchanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi au soda. Mchanganyiko unasongwa na kupikwa mpaka unashikana kuwa bonge la kahawia, linakatwa vipande kama soseji nene. Wapishi wazuri wanajua viazi vinavyonata na visivyonata, na wanavipimia. Kinachoshikanisha ni ule ute wa okidi. Kwa asili ni chakula cha kaskazini mwa Zambia, na upande wa Katanga mtu wa Lubumbashi atakuambia kikanda. Baadaye kilihamia mijini, kikawa kitafunwa cha Lusaka na Ukanda wa Shaba, sokoni mpaka kwenye maduka makubwa.

Hapo hesabu ikageuka. Mabonde ya Zambia yalipoanza kukauka okidi, wafanyabiashara walivuka mipaka: Kongo, Angola, na kwetu. Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha utafiti wao kuhusu biashara hii katika Nyanda za Juu Kusini. Makadirio yao ni kwamba viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 vilikuwa vinatoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka. Kumbukeni: kiazi kimoja, mmea mmoja. Mchimbaji hachagui aina, kwa kuwa chini ya ardhi aina adimu na aina ya kawaida vinafanana.

Naomba tusiwe wepesi wa kuwatukana wachimbaji. Nina jamaa kule. Mtu anaishi kwenye baridi, shule inadai, viazi mviringo havina bei, halafu anakuja mnunuzi na fedha mkononi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kwa wazee wengi wa kwetu viazi hivi havikuwa chakula cha maana, walikuwa wanavitafuna watoto wa machungani. Ni fedha ya mbali iliyovipa thamani, na sehemu kubwa ya fedha hiyo inabaki kwa watu wa katikati, siyo kwa yule mwenye kucha zenye udongo.

Jambo la pili ambalo halisemwi ni la miti. Sisi wasomi tumezoea kuimba "panda miti" kana kwamba kila mti ni sadaka. Lakini uwanda wa nyasi si msitu ulioharibika. Ni makazi kamili yenye haki yake. Ukipanda misindano kwenye malisho ya Makete, kivuli kinaua okidi, nyasi na hata chemchemi zinapungua, na picha ya kijani unayoituma kwa wafadhili inaficha kaburi. Viazi mviringo na pareto navyo vimekula sehemu yao. Hifadhi ya Kitulo imesaidia, lakini okidi nyingi ziko nje ya mipaka yake, kwenye ardhi ya vijiji.

Sasa turudi mtaani. Hapa Yeoville, ukitembea Rockey na Raleigh na kuingia sokoni, unakuta Afrika nzima imepanga vibanda: majani ya muhogo, samaki wakavu, mawese, dagaa. Ni faraja, hasa kwa sisi ambao tumekaa muda mrefu. Chikanda nimeila hapa hapa, nyumbani kwa majirani Wazambia, imeletwa na ndugu wanaokuja kwa basi. Ni tamu, sitasema uongo. Jirani mama mmoja aliniuliza siku moja imetengenezwa na nini hasa, maana yeye mwenyewe tangu utotoni alijua ni "mizizi" tu. Nilipomwonyesha picha za Disa nyekundu za Kitulo alinyamaza, kisha akasema, "Hii? Mbona mzuri hivi?" Alikuwa amekula kiazi chake miaka hamsini bila kuonana na ua lake. Na mimi najua watu waliopiga picha ua hilo miaka yote, hawajui kwamba kuna mtu anashiba kwa kiazi chake. Pande mbili hizi hazijakutanishwa.

Kisheria pia si jambo dogo. Okidi zote za porini ziko kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuvusha mpakani viazi au unga wake kunahitaji vibali. Mwenye kubeba kifuko cha unga wa chikanda kwenye begi huenda hana habari kabisa.

Tufanye nini basi? Sipendekezi tuwanyang'anye Wazambia na Wakatanga chakula chao. Chakula ni kumbukumbu, na ughaibuni kumbukumbu ndiyo mali. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, chikanda irudi kuwa chakula cha siku maalumu, kama ilivyo kwa vyakula vyetu vingine vya heshima, isiwe kitafunwa cha kila jioni. Sahlab inatupa mfano: sehemu nyingi kinachouzwa leo kwa jina hilo ni wanga wa mahindi uliotiwa manukato, na watu wanakunywa na kufurahi. Wapishi wa chikanda ni mafundi. Wakiamua kutafuta unga mwingine wenye ute wa kuchanganyia, wataupata wao kabla ya profesa yeyote.

Pili, wenzetu mlioko vyuoni, kuoteshea okidi za viazi pamoja na kuvu wao ni kazi ya maabara inayowezekana, na ni kazi ya vijana wetu. Vanila ilionekana haiwezekani mpaka mtoto mmoja alipoitazama kwa makini. Mtu wa Makete akiweza kuuza kiazi alichokipanda, hatakuwa na sababu ya kuchimba bonde zima.

Tatu, watu wa kamusi, kazi yenu. Kusanyeni majina kabla hayajapotea: ya Kikinga, ya Kinyiha, ya Kibemba, ya Kisambaa. Si vibaya kuwa na neno okidi, lakini tusiishie hapo. Mtoto anayefundishwa kwamba okidi ni ua la dukani hatajua cha kulinda akisimama juu ya uwanda wa nyasi mwezi wa Agosti, uhai wote ukiwa chini ya nyayo zake.

Wenye majina ya kwao na mapishi ya kwao, karibuni mchangie.

Naomba kuwasilisha.